Barua ya wazi: Leteni shahada ya uzamili ya usimamizi wa afya Mtwara na Lindi

Kwa Waziri wa Afya, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Waziri wa Elimu, Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vinavyofundisha usimamizi wa huduma za afya nchini.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni daktari, mganga mfawidhi, yaani mkuu, wa kituo cha afya kilichopo juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Ombi langu nalitanguliza ili hata asiye na muda wa kusoma barua nzima aondoke nalo: tunaomba shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za afya ifundishwe huku Kusini, kwa utaratibu unaomruhusu mtumishi kusoma huku akiendelea kushika kituo chake.

Kwa sensa ya 2022, Mtwara na Lindi kwa pamoja tuna watu zaidi ya milioni 2.8, katika halmashauri 15. Tuna hospitali za rufaa za mikoa, Ligula na Sokoine. Tuna hospitali kongwe za misheni, Ndanda na Nyangao, na sasa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Serikali imejenga sana miaka hii. Jengo la upasuaji ninalofanyia kazi halikuwapo nilipokuwa mwanafunzi, na kina mama wanaojifungulia humo zamani wangepakiwa kwenye gari kwenda mbali, wengine wasifike. Nashukuru kwa dhati. Lakini jengo likikamilika hukabidhiwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni daktari, tabibu au muuguzi aliyefundishwa kutibu, ambaye hajawahi kukaa darasani akafundishwa namna ya kukiendesha kituo.

Wengi mnaijua kazi ya mfawidhi kwa taarifa zinazowafikia mezani. Naomba niieleze ilivyo huku chini. Asubuhi napita wodini, kisha chumba cha upasuaji kama kuna dharura. Baada ya hapo inaanza kazi ya pili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na Serikali na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Huo ni miongoni mwa uamuzi bora uliowahi kufanywa kwa ajili ya huduma za msingi, kwa sababu umeweka fedha karibu na mgonjwa. Pamoja na fedha umekuja wajibu: mpango wa kituo wa mwaka, bajeti, manunuzi kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, tathmini ya utendaji wa kila mtumishi, madai ya bima, misamaha ya wazee, wajawazito na watoto, vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, ambavyo takwimu zake lazima zilingane na zile za kwenye mfumo, maombi ya dawa kwenda Bohari ya Dawa ya Serikali, na kamati ya usimamizi wa kituo ambayo katibu wake ni mimi. Vituo vya afya ninavyovijua havina katibu wa afya. Mfawidhi ndiye katibu, ndiye mpangaji, na mhasibu msaidizi akiwa na ruhusa, macho yote ya wauzaji humgeukia yeye.

Katika kikao kimoja cha kamati nilisoma taarifa ya fedha za robo mwaka. Nilitaja dawa tulizonunua, mafuta ya gari la wagonjwa, ukarabati wa kichomea taka. Mzee mmoja, mkulima wa korosho na mjumbe wa muda mrefu, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mwanangu daktari, umetusomea tulichonunua, tumesikia. Sasa tulichokiacha ni kipi? Na tumekiacha kwa nini?”

Waheshimiwa, hilo ndilo swali lenyewe la usimamizi wa afya. Fedha hazitoshi popote duniani, kwa hiyo kila ununuzi ni uamuzi wa kuacha kitu kingine, na anayeamua lazima awe na hoja anayoweza kuisimamia mbele ya watu. Mzee yule hakusoma uchumi wa afya. Amelima maisha yake yote akitegemea fedha inayoingia mara moja kwa mwaka, akagawa kati ya ada, dawa ya kupulizia mikorosho, bati na chakula. Alistahili jibu lenye hesabu ndani yake: ugonjwa upi unaua zaidi katika kata yake, huduma ipi inaokoa wengi zaidi kwa shilingi ileile, na kwa nini kichomea taka kiliwekwa mbele ya vitanda vya wodi ya watoto. Majibu ya namna hiyo hufundishwa. Yana somo lake, yana vitendea kazi vyake, na yana walimu wake hapahapa nchini. Wako mbali na sisi tu.

Huku kwetu mwaka wa kituo cha afya unafuata mwaka wa korosho. Minada ikifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, na malipo yakianza kupitia vyama vya msingi vya ushirika, watu wanakuwa na fedha. Wanalipia vipimo, wanalipa madeni, wanaotaka kwenda Ndanda wanakwenda. Ukizungumza habari ya bima wakati huo unasikilizwa. Ifikapo Februari fedha imekwisha mifukoni, mvua zimekolea, na malaria imepanda. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria nchini, karibu asilimia 20 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wakikutwa na vimelea. Kwa hiyo makusanyo ya kituo hushuka katika miezi ileile ambayo dawa ya mseto na vipimo vya haraka vinahitajika kuliko wakati wowote.

Sasa tazameni maombi ya dawa. Kiasi cha kuagiza hukokotolewa kutokana na matumizi ya kipindi kilichopita. Mfawidhi anayejaza fomu mwishoni mwa kiangazi kwa kufuata matumizi ya kiangazi anaagiza dawa za wagonjwa wachache, kisha zinamfikia wakati foleni imetoka nje ya uzio. Anayejua kutabiri mahitaji kwa msimu, anayechukua takwimu za MTUHA za miaka mitatu minne nyuma na kuchora mstari wa kupanda na kushuka kwa wagonjwa, anajieleza kwa Bohari mapema, anaweka akiba, na anaishawishi kamati isitumie makusanyo yote ya Novemba. Kazi hiyo haihitaji mashine wala mfadhili. Inahitaji mtu aliyefundishwa kuzisoma namba zake mwenyewe. Ndiyo maana nikisikia uzamili wa usimamizi wa afya ukitajwa kama anasa ya watu wanaotafuta vyeo, moyo unaniuma.

Isitoshe, ushahidi upo, na uko jirani. Kila tunapokwenda Dar es Salaam tunapita Rufiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Kanada iliendesha TEHIP, mradi wa kuboresha huduma muhimu za afya, katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Timu za afya za wilaya zilifundishwa kulinganisha bajeti yao na mzigo halisi wa magonjwa. Zilipofanya hivyo zilikuta kwamba malaria na magonjwa ya watoto, yaliyokuwa yakichukua sehemu kubwa ya maisha ya watu, yalitengewa sehemu ndogo ya fedha. Wakabadilisha mgawanyo. Wakapanga upya usimamizi wa zahanati, wakaweka mawasiliano na ukaguzi unaoeleweka. Fedha ya nyongeza waliyopewa haikuzidi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika muda wa miaka kama mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Yapo mambo mengine yaliyochangia, lakini hakuna aliyeangalia kazi ile akasema usimamizi haukuwa na mkono wake. Ni Watanzania wenzetu, kwa mishahara ileile na barabara zilezile mbovu.

Na huku kwetu pia imejaribiwa. Kati ya 2011 na 2014 Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake waliendesha kazi ya kuboresha huduma za uzazi wilayani Tandahimba, wakiilinganisha na Newala. Takwimu zilizokusanywa kaya kwa kaya zilirudishwa kwa timu za vituo na vijiji katika karatasi zinazosomeka, nao wakakaa, wakachagua tatizo, wakajaribu suluhisho, wakapima tena. Miongoni mwa yaliyoonekana kupanda ni utoaji wa dawa ya kuzuia mama kutokwa na damu nyingi mara tu mtoto anapozaliwa. Kisha mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Kusini yetu imekuwa shamba la utafiti kwa muda mrefu, na nawaheshimu waliokuja kulilima. Lakini tunahitaji watu wa hapa wenye elimu ya kuendeleza kazi kama ile pale gari la mradi linapoondoka.

Niwape mfano wa mtu ninayemwona kila siku. Katika wodi yetu ya wazazi yuko muuguzi mwenye shahada ya kwanza, mama wa watoto watatu. Dawa hiyo ya kuzuia damu, oksitosini, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8; ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Umeme wetu hukatika. Yeye amebandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, imepigwa mistari kwa rula, asubuhi na jioni inaandikwa nyuzi joto na jina la aliyesoma. Umeme ukikatika, mtu wa zamu anajua baada ya muda gani ahamishie vichupa kwenye jokofu la chanjo, ambalo linatumia sola, na anajua nani ana ufunguo. Mwisho wa mwezi anaikusanya karatasi, anaipitia na wenzake, anauliza Jumapili fulani kulitokea nini. Hakuna waraka uliomwagiza kupiga mistari ile. Aliona hatari, akaipima, akaweka utaratibu, akaugawa kwa watu, na anaukagua. Mtu huyo ni meneja wa afya tayari. Anachokosa ni elimu itakayomwezesha kufanya kwa halmashauri nzima anachofanya kwa jokofu moja.

Je, akitaka kusoma leo, njia iko wapi? Chuo Kikuu Mzumbe kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya huko Morogoro. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina uzamili wa afya ya jamii Dar es Salaam. Ni vyuo vizuri, na wahitimu wao tunafanya nao kazi. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na ukitokea Liwale au Nanyumbu unaongeza safari nyingine kabla hujaishika barabara kuu. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara maeneo ya Somanga, tulikaa tumetengwa na nchi. Masomo yenyewe huchukua kati ya mwaka mmoja na miwili. Kwa hiyo muuguzi wangu aombe ruhusa ya mwajiri, na ruhusa hiyo itegemee kama yumo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na kama kuna wa kumpokea zamu. Wa kumpokea hayupo. Mimi mwenyewe, kama msimamizi wake, nikiulizwa kama kituo kinaweza kukaa bila yeye miaka miwili, kwa ukweli wa Mungu nitaandika kwamba hakiwezi. Mnaona mtego ulipo. Kadiri mtu anavyokuwa hodari, ndivyo inavyokuwa vigumu kumwachia akasome.

Tuseme ruhusa imepatikana. Ada ni mamilioni ya shilingi, kuna chumba cha kupanga mjini, kuna nauli, kuna gharama za kukusanya takwimu na kuandika tasnifu, na nyumbani kuna watoto ambao hawawezi kusubiri. Wanaume wengi tunaweza kufunga begi, wake zetu wakabaki na familia. Kwa muuguzi huyu, na kwa wanawake wengi wanaoshika zahanati za Tandahimba, Nachingwea na Kilwa, hesabu hiyo haifungi. Tukiendelea hivi, uongozi wa afya katika mikoa hii utabaki kwa wale walioweza kuondoka, na nguvu ya wale waliobaki itakuwa inapotea kimyakimya.

Kuhusu ufadhili, Serikali imeanzisha ufadhili wa Samia kwa madaktari wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi. Nauunga mkono kwa moyo wote. Kusini tunahitaji mabingwa wa upasuaji, wa watoto, wa uzazi, wa usingizi. Ninachoomba ni dirisha dogo ndani ya nia hiyohiyo, kwa ajili ya watakaosomea kuviendesha vituo ambamo mabingwa hao watafanya kazi. Bingwa wa usingizi hawezi kufanya chochote mahali ambapo oksijeni haikuagizwa.

Wenzangu madaktari huniuliza kwa nini nisiende kusomea ubingwa, na wapo wanaosema daktari akisoma uongozi nchi imempoteza mtu wa kutibu. Naielewa hoja hiyo, maana inatoka kwa watu wanaojua uhaba wetu. Jibu langu ni kwamba nchi imekwisha nipa kazi ya kuongoza. Saa zangu nyingi zinakwenda huko hata sasa. Nikiifanya kwa kubahatisha, wagonjwa wanapoteza mara mbili: daktari hayupo wodini, na kituo bado hakiendi. Nikiijua vizuri, nitaimaliza mapema na nitarudi kwa mgonjwa.

Lipo pia jibu tunalopewa mara kwa mara, kwamba mafunzo yapo. Yapo, ya siku tatu au tano, ukumbini. Mfumo mpya ukija tunaitwa, tunaonyeshwa pa kubofya, tunarudi. Mafunzo hayo yana kazi yake na sitaki yakome. Lakini yanatufundisha kujaza. Kupima kama mpango unafaa, kukokotoa gharama ya huduma moja, kupanga zamu kwa kufuata wingi wa wagonjwa badala ya mazoea, kushughulikia mgogoro kati ya watumishi kabla haujafika kwa Mkurugenzi, kusoma takwimu na kutambua uongo uliomo ndani yake, hayo yanataka muda, vitabu, mwalimu anayekusahihisha, na utafiti unaoufanya mwenyewe mpaka mwisho. Na wakati wa kuyajua ni sasa, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwishapitishwa mwaka 2023. Katika mfumo wa bima kituo kinalipwa kwa madai yaliyoandaliwa sawasawa. Kituo kisichojua kuandaa madai kitatibu watu wake kisha kikose fedha ya kununulia dawa za watakaofuata, na vituo vya pembezoni ndivyo vitakavyoumia kwanza.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Vyuo vyenye walimu na ithibati ya shahada hii vishirikiane na taasisi zilizopo huku. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi, kina vituo vyake Mtwara na Lindi. Stella Maris ipo Mtwara, kampasi ya Taasisi ya Uhasibu ipo Mtwara, na vyuo vya afya vya Serikali na vya misheni vipo. Madarasa hayakosekani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta kampasi ya kilimo Lindi, kwa hiyo hoja kwamba elimu ya juu haiwezi kuteremka Kusini imekwisha kufa. Walimu waje kwa awamu, wafundishe somo moja kwa wiki moja au mbili mfululizo, kisha wanafunzi warudi vituoni na kazi ya kufanya palepale wanapofanyia kazi, huku wakifuatiliwa kwa intaneti na simu. Awamu hizo ziwekwe kati ya Julai na Oktoba, mwaka wa fedha ukiwa umeshafungwa na mvua zikiwa bado. Mtu wa Liwale asitakiwe kufika Mtwara wakati wa masika. Mwezi wa Juni tuacheni tufunge hesabu.

Kila halmashauri ikitoa watumishi wawili, tuna darasa la watu 30. Naomba mmoja wa hao wawili awe mwanamke, na nafasi zisiwe za madaktari peke yao: wauguzi, matabibu wenye shahada, wafamasia, wataalamu wa maabara, makatibu wa afya. Hospitali za misheni nazo zipewe nafasi. Ndanda na Nyangao zimeendesha hospitali kwa miongo mingi huku fedha zikiwa chache, na wana mengi ya kutufundisha kuhusu kulinda dawa, kutunza vifaa na kubakisha watumishi. Mazoezi ya vitendo yafanyike huko, na Ligula, na Sokoine, na Mitengo.

Tasnifu nazo zibaki nyumbani. Tunahitaji mtu achunguze namna ya kuoanisha michango ya bima na malipo ya korosho, kwamba familia ichangie wakati chama cha msingi kinalipa, badala ya kufuatwa mwezi wa Machi. Atokee mwingine wa kuchunguza kwa nini watumishi wapya wanahama Kilwa na Liwale haraka, na nini kimewashikilia waliobaki. Ipo safari ya mjamzito kutoka visiwa vya Songosongo hadi hospitali, ambayo gari la wagonjwa haliwezi kuifuata majini. Maswali haya hayatachaguliwa na mwanafunzi anayeishi Morogoro, na sitamlaumu.

Fedha zinaweza kupatikana kwa kuchangiana. Wizara ifungue dirisha nililolitaja. Halmashauri zinazopata ushuru wa korosho zitenge sehemu ndogo kwa ajili ya ada ya watu wao wawili. Mtumishi achangie kiasi anachokiweza, na asaini mkataba wa kubaki katika mikoa hii kwa muda utakaokubaliwa baada ya kuhitimu. Mimi nitasaini. TAMISEMI nayo iweke wazi kwamba nafasi za uongozi katika timu za afya za halmashauri na mikoa zitazingatia elimu hii pamoja na utendaji, maana hakuna kinachomvunja mtu moyo kama kurudi na elimu kisha kukuta hakuna mahali inapohesabiwa.

Tume ya Vyuo Vikuu itataka kuona walimu, maktaba, na uwezo wa kusimamia utafiti. Ni haki yake, na sisi hatutaki shahada ya mkato. Ikitakiwa darasa la kwanza lianze dogo, lianze dogo. Ikitakiwa mtihani wa kujiunga, tutafanya.

Tunaomba kikao kimoja, Mtwara au Lindi, kabla halmashauri hazijafunga mipango yao ya mwaka wa fedha ujao. Waganga Wakuu wa Mikoa miwili waitishe, vyuo vilete watu wenye mamlaka ya kukubali au kukataa, na Wizara tatu nilizoziandikia zilete maofisa wake wa mafunzo. Sisi wafawidhi tutakuja na orodha ya watumishi wenye sifa, kituo kwa kituo, ikionyesha nani atashika zamu ya nani katika kila awamu ya masomo. Orodha ya kituo changu nimeshaianza, na jina la kwanza si langu. Ni la yule muuguzi wa wodi ya wazazi.

Wenu katika utumishi,

Mganga Mfawidhi
Kituo cha afya, Mkoa wa Mtwara